Kidonda cha Kazimoto: Nafsi Iliyofichika katika Kichwamaji

Tangu Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa mwaka 1974, wahakiki wengi wamezoea kuisoma kama hati ya falsafa. Kazimoto, husemwa, ni mdhanaishi: amesoma Chuo Kikuu, ameipoteza imani ya wazazi wake, ameona maisha hayana maana, basi amejiua. Maelezo haya si ya uongo. Kasoro yake ni kuwa yanaanzia mwishoni. Mtu hakati tamaa kwa kufundishwa hoja. Hoja huzitafuta baadaye, apate kuivika nguo tamaa iliyokwisha kukatika.

Kiswahili kina kitenzi kinachotufaa hapa kuliko istilahi za kuazima: kutonesha. Mahali pazima hapatoneshwi. Anayetoneshwa hupiga ukelele, na mtazamaji asiyekiona kidonda humdhania mwenda wazimu, kichwamaji hasa. Swali la mhakiki basi lisiwe tu kwa nini Kazimoto anahamaki, bali alikuwa akiumwa wapi kabla hajaguswa.

Mwenyewe anatupa jibu jepesi: Manase. Rafiki huyo wa zamani, ambaye sasa ana cheo, alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na msichana yule akafa. Chuki ya namna hii ina haki yake, na msomaji huipokea bila kuuliza. Lakini tazama kisasi anachokinuia: kumwendea Sabina, dada yake Manase, ili amtende kama Rukia alivyotendwa. Anayechukizwa na tendo hawezi kuona raha kulirudia tendo lilo hilo kwa dada wa mwingine. Anachokichukia kwa Manase ni kitu anachokijua kwa kukaa nacho: kijana msomi aliyejitenga na waliomlea, anayewatumia wasichana. Carl Jung angekiita kivuli, yaani ile sehemu ya nafsi tunayoikana kwetu na kuitambua upesi mno kwa jirani. Hata hivyo simwiti Jung awe shahidi. Muundo wa riwaya watosha.

Muundo huo ni usimulizi wa nafsi ya kwanza. Kazimoto hukiri mengi, tena kwa ukali, na wanafunzi wetu huuchukua ukali huo kuwa ndio ukweli. Mimi naona kukiri kwake ni pazia jingine. Mficha maradhi, wasema wahenga, kifo humuumbua. Nao walimkusudia anyamazaye. Kezilahabi anatuonyesha mfichaji wa hatari zaidi, afichaye kwa kusema. Akikaribia kujiuliza habari zake mwenyewe, huanza kuzungumza juu ya Mungu, jamii na maisha.

Kisasi kinageuka unyumba: Kazimoto anamwoa Sabina. Mtoto azaliwaye na kichwa kikubwa kupita kiasi amefasiriwa mara nyingi kuwa ishara ya kizazi cha wasomi. Sawa, ila kwanza ni siri ya baba iliyotoka nje ikiwa na mwili.

Nina lawama moja. Katika Rosa Mistika (1971) mwandishi alikwisha kuonyesha kwamba aweza kuuingia moyo wa mwanamke. Hapa hauingii. Twajua kinachomtonesha Kazimoto. Hatuambiwi kinachomtonesha Sabina, ambaye ndiye aliyemzaa mtoto yule, na ndiye aliyeachwa mjane.