Askari Bila Karakana: Uhakiki wa Sitiari ya Kingamwili

Mwanafunzi anayesoma biolojia kwa Kiswahili hukutana mapema na sitiari moja: kingamwili ni askari wa mwili. Sitiari hii ina manufaa. Inaeleweka haraka, na inamsaidia mzazi anayeelezwa kliniki kwa nini mtoto achanjwe. Hata hivyo, insha hii inadai kwamba inaficha jambo kubwa. Askari huandikishwa akiwa mtu kamili. Kingamwili huundwa kipande kwa kipande, kisha hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kutoka.

Tuitazame kazi yenyewe. Kutokana na utafiti wa Gerald Edelman na Rodney Porter, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972, tunajua kwamba kingamwili ya kawaida ina minyororo minne ya protini: miwili mizito na miwili myepesi, iliyoshikanishwa kwa vifungo vya salfa. Minyororo hiyo hukunjwa na kuunganishwa ndani ya retikulamu ya endoplazimu ya seli ya plazma. Mwaka 1983 Ingrid Haas na Matthias Wabl walieleza protini inayoushika mnyororo mzito. Sehemu moja ya mnyororo huo hubaki bila kukunjika mpaka mnyororo mwepesi uungane nao. Ndipo protini ile huuachia. Kingamwili iliyokamilika hupitia Golgi hadi nje ya seli, na minyororo iliyoharibika hurudishwa ikavunjwavunjwa. Seli moja hutoa maelfu ya kingamwili kwa sekunde.

Lugha ya vita haina maneno ya kueleza haya. Lugha ya karakana inayo: kukunja, kuunga, kukagua, kukataa. Tofauti hii ina uzito katika tiba. Bortezomibu, dawa ya mieloma, yaani saratani ya seli za plazma, huzuia proteasomu, chombo kinachovunja protini mbovu, na seli hizo huelemewa na taka zao wenyewe. Anayewajua askari tu atashangaa kwa nini daktari anawaua walinzi wetu. Anayeijua karakana ataona palipoharibika.

Kweli, karakana nayo ina kasoro: ndani ya seli hakuna fundi mwenye nia. Lakini kasoro hiyo mwalimu anaweza kuisahihisha kwa sentensi moja. Waandishi wetu wa vitabu vya sayansi wambakize askari kwenye mabango ya chanjo, na darasani watufungulie mlango wa karakana.