Upanga wa Shaba kwa 180: Bei na Mantiki katika Michezo ya Fantasia

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tumeona vyema tugeukie matini ambazo wanafunzi wetu huzifahamu kuliko tunavyodhani, nazo ni michezo ya kompyuta ya fantasia, ambamo mchezaji huchukua nafasi ya shujaa, akasafiri, akapigana na kununua silaha. Kwamba matini hizi zina wahusika, mandhari na msuko halina ubishi. Swali letu linahusu bei.

Tuanze na Dragon Quest, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1986 uliobuniwa na Yuji Horii, ambao umeigwa sana. Ufalme umo hatarini. Ngome ya adui inaonekana ng'ambo ya maji, karibu kabisa na kasri la mfalme. Shujaa anatumwa akamwue adui huyo, na mchango wa hazina ya dola ni vipande 120 vya dhahabu. Mji wa jirani unauza fimbo ya mwanzi kwa 10, rungu kwa 60 na upanga wa shaba kwa 180. Yaani mkombozi wa taifa hamudu upanga ulio duni kuliko panga zote, na mwenye duka, ambaye naye ataangamia ufalme ukianguka, hampunguzii hata ndururu wala hampi mali kauli. Anauliza tu kama unanunua au hununui.

Nyumba za wageni zinashangaza zaidi. Kulala usiku mmoja katika mji wa kwanza ni 6. Katika mji wa mbali uitwao Cantlin ni 100. Usingizi ni ule ule, na shujaa huamka na afya ile ile. Msomaji mwema atasema kuwa njia ya huko imejaa majini wakali, chakula hakifiki, ndiyo maana bei imepanda. Ni ufafanuzi mzuri, ila ni wa msomaji. Mchezo wenyewe haukuutoa. Sababu ya kweli ni kwamba shujaa anapofika huko mfuko wake umekwisha kujaa. Bei haipimi bidhaa wala uhaba wake, bali inampima mnunuzi. Ni kizuizi cha kumchelewesha mchezaji, kikavishwa nguo za duka.

Watetezi husema huu ni mchezo tu, na kwamba shujaa akipewa upanga bora siku ya kwanza hapatakuwa na safari. Kwa upande wa fani tunakubali. Lakini msimulizi anayetaka kizuizi hutafuta sababu yake ndani ya hadithi. Mhunzi angeweza kuwa ameuawa, au hazina ya mfalme kuwa imeporwa. Sentensi moja ingetosha.

Morrowind, mchezo wa Kimarekani wa mwaka 2002, una kosa la aina nyingine. Humo deraya moja ya kifuani ya Daedric imepewa thamani ya 70,000, ilhali wenye maduka hawana fedha za kukaribia bei hiyo. Mnunuzi mwenye fedha nyingi kuliko wao ni kaa. Ndiyo, kaa wa baharini, anayezungumza, akiwa peke yake katika kisiwa kidogo na dhahabu 10,000. Ukimaliza fedha zake, unangoja saa 24 na mfuko wake unajaa tena. Nani amemlipa, na kwa bidhaa gani? Tunakiri kwamba kaa huyu anachekesha, na huenda ni mzaha wa makusudi. Hata hivyo mzaha huo unawaumbua wenye maduka wote, kwa kuwa fedha zao pia hurudi vivyo hivyo, bila mteja wala mauzo.

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa vizuri, Horii mwenyewe alilithibitisha. Katika sura ya tatu ya Dragon Quest IV (1990) mhusika mkuu ni Torneko, mwajiriwa katika duka la silaha. Mchezaji husimama nyuma ya meza akingoja wateja. Wengine hununua, wengine huondoka mikono mitupu, na jioni tajiri humlipa kulingana na mauzo. Baadaye Torneko hutafuta 35,000 za kununua duka lake katika mji wa Endor, na mkewe huuza humo bidhaa anazomwachia. Hapa bei ina mtu anayeihangaikia, na 35,000 inakuwa ndoto ya familia.

Kwa walimu wa stadi za mazungumzo, tunapendekeza zoezi moja. Somo la sokoni, lenye "bei gani?" na "punguza kidogo", limo karibu katika kila kitabu cha kuanzia Kiswahili, na wanafunzi wamelichoka. Wapewe duka lile la kwanza: shujaa ana 120, upanga ni 180, adui yuko ng'ambo ya maji. Mwanafunzi atakayekuwa mwenye duka aruhusiwe kukataa, ila aseme kwa nini.