Vidole gumba vya binti wa darasa la tatu

Mwezeshaji, mwanafunzi wa udaktari aliyekuja shuleni kufundisha, alikosea, tena alikosea pale pale ambapo somo la kunawa mikono hufaulu au huharibika. Mlioangalia somo lake mliona: binti wa darasa la tatu kasugua viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole, halafu anapeleka mikono kwenye maji kabla hajagusa vidole gumba. Kijana wetu wa udaktari akamkamata mikono, akamsugua vidole gumba na ncha za vidole, akamsuuza, akamrudisha kwenye dawati. Darasa likapiga makofi.

Makofi ya nini? Binti hakunawa, alinawishwa. Darasa zima lilikuwa limeona alichoruka, na wengine nyuma walishaanza kunyoosha mikono. Ilitosha kuwageukia na kuuliza, "Amesahau wapi?" Wangetaja wenyewe, binti angerudia kwa mikono yake, kisha wawili wawili wangekaguana. Kijana alifanya anachozoea wodini: ukiona pengo, ziba mwenyewe. Sijui nitalirudia hili mpaka lini: vyuo vya afya vinawapeleka wanafunzi shuleni wakijua ugonjwa bila kujua kufundisha, halafu vinahesabu watoto "waliofikiwa" na kupiga picha za fulana.



David Morley na Hugh Hawes, walioanzisha mpango wa elimu ya afya wa Child-to-Child jijini London mwaka 1978, wasingemshika yule binti mikono. Kwao mtoto ndiye mwalimu wa mdogo wake nyumbani, na baada ya kutenda, watoto wenyewe hurudi kupima nini kimebadilika. Atamfundishaje mdogo wake hatua ambayo mikono yake haijawahi kuifanya? Hata hapa kwetu Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 iliwakalisha watu kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo vyao. Viongozi wa vikundi hawakuwachimbia.

Muda wa kurudia ulikuwepo, ila ulimezwa na slaidi za minyoo ambazo waliokaa nyuma hawakuziona. Muhula ujao wanafunzi hao waache projekta chuoni, waje na chaki. Kila mtoto ajipake vumbi la chaki mikono yote, anawe mwenyewe, kisha jirani yake amwonyeshe palipobaki weupe. Mwezeshaji aulize tu, asiguse mkono wa mtu.