Kunadi kwa Ulimi

Mzee mmoja muuza kanga, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Kongo, ana desturi inayonisimamisha kila nipitapo Kariakoo. Akikufungulia doti, kiganja chake huwa kimekwisha kulala juu ya maandishi. Utaona pindo, utaona mji, utaona rangi, maneno huyaoni. Kisha atauliza, taratibu: "Unamvalia nani, mama?"

Hapo ndipo biashara ilipo. Mteja akicheka, mzee anajua yumo wifi katika habari hii. Akinyamaza na kutazama pembeni, ni mke mwenza, au jirani wa uani. Akijibu upesi kwamba ni zawadi, basi ni ya mama mzazi au mkwe, na doti ya kwanza hukunjwa ikarudi rafuni bila kusomwa, maana kanga ya kijembe haipelekwi ukweni. Ile inayofaa ndiyo anayoiondolea kiganja, akaisoma mara moja tu, kwa sauti ya chini, akipumzika panapostahili. Nimemsikia akisoma "Wema hauozi", maneno ambayo kila mtoto wa pwani anayajua, na mama aliyekuwa akinunua akakaa kimya kitambo, kisha akaomba doti mbili. Bei huja mwisho kabisa, nayo huitaja harakaharaka, kama jambo lenye aibu kidogo mbele ya watu wazima.

Ninalomsifia zaidi, hata hivyo, halina pambo lolote. Kanga ikiwa inachuja, atasema inachuja: "Hii uifue peke yake." Ukishamsikia akiikosoa mali yake mwenyewe, sifa nyingine zote alizotoa unaziamini. Wasomi huuita ufundi huo balagha na kuufundisha vyuoni. Yeye ameupata kwa kukaa miaka na miaka na wanawake wa mjini, wanaorudi kila Idi wakiwa wanakumbuka kila doti iliyowahi kuwaaibisha kwenye beseni la kufulia.

Hatua chache kutoka kwake, spika imening'inizwa kwenye mwavuli. "Buku tano, buku tano, buku tano." Sauti ilirekodiwa siku moja, na mwenye sauti huenda sasa hivi yuko Mbagala anakunywa chai. Haikuulizi unamvalia nani. Ukiiambia ni ghali, haisikii.

Ulimi wa namna ya mzee yule haukuota wenyewe, ulilelewa na masikio. Katika Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, mbele ya nyumba palikuwa na baraza, na baraza ndiyo iliyotoa hukumu. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, wazee wakaketi na kashata zao, na wote walioishi kwa maneno wakapimwa pale: mnadi, dalali, mshenga, hata mgombea. Aliyeongeza kidogo kwenye sifa za bidhaa waliambizana kwamba ametia chumvi, na chumvi haikumnyima mtu heshima. Aliyezidisha mno amepiga chuku, huyo alichekwa. Aliyemsifu mteja badala ya mali alikuwa anamvika kilemba cha ukoka, ambacho hakifiki jioni. Aliyekuuzia kibovu huku akitabasamu amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na huyo hata kahawa hakuagiziwa. Mbali na hao wote alikuwapo mlumbi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Wakimtaja huyo walitikisa vichwa, pengine kwa kumsifu, pengine kwa kumwogopa.

Sisemi madalali wa zamani walikuwa mawalii. Waongo walijaa tele. Ila kila uongo ulikuwa na jina lake na daraja lake. Leo kijana wa mjini akiwasikia hao wote watano atawapa jina moja tu: wanapiga saundi.

Wala masikio hayo hayakuwa ya kupimia nguo na samaki pekee. Katika mitaa hii hii, tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa TANU, kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa New Street na leo ni Lumumba. Chama hicho hakikuwa na bunduki. Kilikuwa na maneno. Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma ya bomba kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU. Maelfu ya wanawake aliowaingiza chamani hakuwapata kwa risala ya kusomwa. Aliwaendea kupitia vikundi vyao vya ngoma, mahali walikozoea kuimba na kuimbiwa. Barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja ina jina lake, na makonda hulitaja kutwa bila kulikumbuka lile koo. Mwalimu Nyerere naye, mwaka 1963, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo katikati yake mtu mmoja anasimama mbele ya maiti na kuugeuza umati mzima kwa ulimi wake tu. Aliyewahi kuhutubia Mnazi Mmoja alikijua alichokichagua.

Julai 2021 soko kuu liliposhika moto, lile la miavuli ya zege alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, nchi nzima ilisikitika, na ilistahili. Lakini baraza zilibomolewa moja moja kupisha maghorofa, wala hazikutajwa kwenye taarifa ya habari. Ghorofa lina fremu chini, na fremu ina kodi. Mzee anayekunywa kahawa akimsikiliza mnadi bila kununua hana mahali pa kukaa humo. Alipoondoka msikilizaji huyo, mnadi hakuona tena sababu ya kuunoa ulimi. Spika ikakuta nafasi iko wazi.

Wenye fremu, nina ombi. Zimeni spika hizo. Kijana mwenye ulimi bado yupo hapo hapo mtaani, anasukuma mkokoteni na kuwachekesha wenzake bure. Mpeni kiti mlangoni mwenu, mumlipe kwa kunadi. Nalo BAKITA, linaloilea lugha hii tangu 1967, limtume mtu na daftari akaketi Kongo na Narung'ombe, ayaandike maneno ya wanadi wangali hai. Waliobaki ni wachache, na vijana waliowaajiri kuwasaidia wamekwisha kuwanunulia spika.