Joto Kwanza

Kunde alijifungua usiku wa Julai hapa Limuru, ukungu ukiwa umeshuka kutoka mashamba ya chai hadi kwenye vioo vya dirisha. Hatukuwa tumejiandaa hata kidogo. Tulimwokota mwishoni mwa Mei kando ya barabara: mbwa mdogo wa kilo 5 hivi, mbavu zahesabika, manyoya ya rangi ya maji ya kunde. Jina likaja lenyewe. Tumbo lilipoanza kujaa nilifurahi. Nilisema ugali na omena vimemkubali, nikawaambia majirani kwamba mbwa ananenepa mikononi mwangu.

Siku ile alikataa chakula. Jioni akawa anaparua matambara chini ya meza, anahema, anazunguka, analala, anaamka. Mkunga yeyote angezitambua dalili hizo akiwa bado mlangoni. Kipimajoto cha bei rahisi kingenitosha hata mimi: joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39, na mwenye mimba likimshuka chini ya 37 hivi, uchungu humjia ndani ya siku moja. Sikupima. Nilidhani amekula kitu kibaya.

Saa nane usiku alitoa sauti moja fupi, na mtoto akateleza kwenye matambara akiwa ndani ya chupa yake. Kunde hakuwa amefundishwa na yeyote. Aliipasua ile chupa kwa meno ya mbele, akakata kiungamwana, akala kondo la nyuma, akamlamba mtoto puani na mdomoni hadi akalia. Binti yangu, ambaye yuko darasa la sita, alisema kwa sauti ya chini, "Baba, ni kilebu."

Neno hilo nililikariri shuleni miaka mingi iliyopita, katika ile orodha ya watoto wa wanyama: wa ng'ombe ni ndama, wa kuku ni kifaranga, wa nyuki ni jana, wa mbwa ni kilebu. Nililiandika kwenye mtihani nikapata alama yangu, na tangu hapo sikumbuki kulitamka nje ya darasa. Usiku ule lilipata mwili. Lilikuwa jeusi, limelowa, na lilitoshea kiganjani.

Kisha nikaharibu. Niliwasha taa zote, nikaita watu, nikasogeza meza ili nione vizuri. Kunde, mzazi wa mara ya kwanza katika nyumba aliyoizoea kwa wiki 7 tu, aliingiwa na hofu, akainuka na kujificha nyuma ya friji. Sote tukamfuata kumbembeleza. Kilebu akabaki kwenye saruji tupu. Nilipomrudia, dakika 20 baadaye pengine, alikuwa baridi kama chura, hatoi sauti, na nilipomtia ncha ya kidole mdomoni niliukuta mdomo wenyewe baridi. Nilikimbilia jikoni, nikapasha maziwa ya ng'ombe, nikachukua kijiko cha chai.

Mke wangu alikuwa amekwisha kumpigia simu jirani yetu. Ni mama wa zaidi ya miaka 70, ambaye mtaa mzima humwita Shosho, na amefuga nguruwe tangu mimi sijazaliwa. Aliingia na gumbuti zake, sweta mbili na leso kiunoni, akatazama kijiko mkononi mwangu.

"Weka hicho chini, mwanangu."

"Shosho, hajanyonya tangu azaliwe."

"Najua. Mtoto baridi halishwi. Kwanza apate joto."

Alimchukua, akamfuta kwa taulo kavu kwa kumsugua mgongoni, si kwa nguvu wala si kwa woga, akafungua vifungo vya sweta na kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi. Akaketi kwenye kiti cha mbao. Akaagiza taa zizimwe, ibaki moja. Nilipoleta jiko la makaa alinirudisha nalo nje: moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa huua watu wazima, sembuse kiumbe cha ukubwa ule.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwa nini kijiko changu kingeua. Kilebu mchanga hajui kutetemeka. Uwezo huo humjia baada ya karibu wiki moja. Mafuta mwilini mwake ni haba sana, kwa hiyo joto lake ni la kuazima: analipata kwa mama na kwa ndugu anaolala nao rundo moja. Likishuka chini ya nyuzi 34 hivi, utumbo huacha kufanya kazi na nguvu ya kunyonya na kumeza hupotea. Maziwa utakayomtilia yatalala tumboni bila kusagwa, au yataingia mapafuni. Shosho hakuwa na kipimajoto wala hakuhitaji maelezo hayo. Watoto wa nguruwe nao huzaliwa karibu bila mafuta, na yeye amewapoteza wa kutosha katika mausiku ya Julai kujua kipi hutangulia kipi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu ufundi huu. Huruma nilikuwa nayo tele usiku ule, na huruma hiyo ndiyo iliyonishikisha kijiko. Nilichokosa ni mpangilio: joto, kisha dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, kisha utulivu. Ukivipindua, mtoto anakufia mikononi huku machozi yakikutoka.

Mkao ule wa Shosho unajulikana hadi hospitalini. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya wazazi mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey aliona mashine za kuwapasha joto watoto njiti hazitoshi, akawaagiza mama zao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Ndiyo njia inayoitwa ya kangaruu, nayo hutumika leo katika hospitali nyingi, za kwetu zikiwemo. Nilipomsimulia Shosho aliniuliza huyo daktari alijifunza kwa nani. Sikuwa na jibu, na swali lake naliona zuri hadi leo.

Ilipita zaidi ya nusu saa. Shosho hakumharakisha. Alisema mtoto aliyepoa hupashwa polepole, maana joto la ghafla nalo ni pigo. Kisha tukasikia mlio mwembamba ndani ya sweta, kama wa mlango unaohitaji mafuta. Alimtoa, akamgusa ndani ya mdomo kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Kunde alikuwa amerudi kwenye matambara yake, kwa kuwa sasa chumba kilikuwa kimya. Shosho alimlaza kilebu tumboni pa mama, akaminya chuchu ya nyuma hadi likatoka tone zito la rangi ya manjano, akalipaka kwenye midomo ya mtoto. Akasubiri. Kilebu akaitafuta, akaikosa, akaitafuta tena, akaishika.

Tone lile ni dang'a, na halina mbadala wa dukani. Ndani yake mna kinga za mama, na utumbo wa kilebu huweza kuzipokea kwa takriban siku moja tu baada ya kuzaliwa, saa za mwanzo zikiwa bora zaidi. Baada ya hapo mlango hufungwa. Maziwa yangu ya ng'ombe hayangemfaa hata kama angekuwa na joto, kwani ya mbwa yana protini na mafuta zaidi ya mara mbili.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonishinda: kukaa bila kugusa. Tulimtafutia Kunde katoni, tukatandika gunia na taulo, tukaweka upande mmoja chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso, ili mtoto akiona joto limezidi aweze kujisogeza. Shosho akaniambia niketi. Kila mara mkono wangu ulipotaka kwenda kumrekebisha kilebu, alikohoa. Na kweli Kunde alikuwa akimrekebisha mwenyewe, kwa pua. Alimlamba tumboni na chini ya mkia bila kuchoka, jambo nililolidhani ni usafi tu. Kumbe kilebu mchanga hawezi kukojoa wala kwenda haja mwenyewe kwa wiki 3 za mwanzo hivi. Ulimi wa mama ndio unaomwamsha. Wanaolea vilebu yatima hufanya kazi hiyo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Nawavulia kofia watu hao.

Tulisubiri mtoto wa pili hadi kukapambazuka. Daktari wa kwanza tuliyempigia hakupokea simu. Wa pili alipokea, akauliza maswali mafupi: anasukuma? kwa muda gani? kuna damu nyingi? Asubuhi alimpima Kunde kwa mashine na kuthibitisha kwamba alikuwa na mtoto mmoja tu. Akasema tumebahatika. Uchungu wa mbwa huanzishwa na vilebu wenyewe walioko tumboni, na akiwa mmoja, wito wake huweza kuwa hafifu. Siku hupita, naye huendelea kukua hadi asipate njia ya kutokea. Mbwa wengi wadogo wenye mimba ya namna hiyo huishia kupasuliwa.

Alitupatia pia orodha ya dalili za kutazama: Kunde akitetemeka, akikakamaa miguu na kuhema bila sababu, ni kalisi imepungua damuni, aletwe saa hiyo hiyo. Halikutokea. Kilichotokea ni kwamba kilebu mmoja hunyonya chuchu anayoipenda, na nyingine zikajaa na kuwa ngumu. Tulizikanda kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, tukawa tunamhamisha mtoto zamu kwa zamu.

Kuhusu mizani nina mengi ya kusema. Ni mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Kila siku saa moja asubuhi binti yangu alimweka kilebu kwenye bakuli lenye kitambaa na kuandika kwa penseli kwenye kalenda. Siku ya kwanza gramu 182, sawa na parachichi dogo. Siku ya pili 171, na nyumba nzima ikanyong'onyea, ingawa daktari alikuwa ametuambia kwamba kushuka kidogo siku ya pili si ajabu. Siku ya tatu 176. Ya nne 193. Macho ya mpenzi humwona mtoto amekua kila anapoamka. Mizani haimpendelei mtu. Kilebu anayekwenda vizuri huongeza uzito kila siku na kuwa maradufu kati ya siku ya 7 na ya 10. Wetu alifikia gramu 370 siku ya 9, na binti yangu akaizungushia tarakimu hiyo duara mara tatu. Naamini mlezi wa kweli hujulikana kwa kuandika.

Siku ya 13 jicho la kushoto lilifunguka, la rangi ya moshi. La kulia likafuata kesho yake. Gunia tuliliacha pale pale, kwa kuwa sakafu inayoteleza humtandaza miguu kilebu mnene, na huyu, asiyekuwa na wa kugombania naye chuchu, alikuwa mnene kweli.

Rafiki yangu wa Lamu, Mwislamu asiyegusa mate ya mbwa, alinipigia simu siku hizo. Nilitarajia aniulize kwa nini nakesha kwa ajili ya mnyama. Badala yake alinikumbusha hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakibeba kwa meno kumpandishia mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Akaniuliza mzazi anakula nini. Nikamwambia: ini, mayai, omena na ugali laini. Akasema niongeze supu, kama wanavyofanya kwao kwa mama mwenye arobaini. Niliongeza.

Upungufu wa mtoto wa pekee ni kwamba hana ndugu wa kumfundisha kiasi cha kuuma. Katika uzao mkubwa, anayeuma sana huliliwa sikioni na mchezo unakwisha. Kwetu tulilia sisi. Kila alipobana kidole tulitoa mlio, tukamgeuzia mgongo, tukamwacha kidogo. Shosho alituelekeza hivyo pia, na alitukemea tulipocheka.

Dawa ya minyoo alipata akiwa na wiki 2, kwani minyoo humfikia kilebu akiwa bado tumboni na hata kwenye maziwa. Akarudia kila wiki 2 hadi wiki ya 8. Chanjo za mwanzo zikafuata, na alipotimiza miezi 3 akachanjwa kichaa cha mbwa pamoja na mama yake. Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo 2030, na mpango huo unategemea mbwa kama hawa wawili, wale waliotoka kando ya barabara.

Ukimwokota jike, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hiyo hiyo apapaswe tumbo, usinenepeshe sifa kama mimi. Na kama usiku utakukuta na kilebu baridi mkononi, fungua vifungo vya sweta kabla ya kuwasha moto wa maziwa.

Kunde alifungwa kizazi mwezi wa Oktoba. Kilebu anaishi kwa Shosho, analala karibu na banda la nguruwe, na ana kilo 6 na nusu. Amemzidi mama yake.