Lugha ya Kanuni za Ugawanyikaji: Mfano wa Kisii na Nyamira

Hudhaniwa mara nyingi kwamba kanuni za ugawanyikaji humshinda mwanafunzi kwa ugumu wa hesabu yenyewe. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Ugumu, kwa sehemu kubwa, umo katika lugha ya kuzielezea.

Nchini Kenya kanuni hizi hufundishwa kwa Kiingereza katika Gredi ya 7, iliyoanza mwaka 2023. Mwalimu wa Kisii au Nyamira atakaye kufafanua zaidi hana budi kuitegemea Ekegusii au Kiswahili. Je, Kiswahili kina nini cha kumpa?

Vitabu vya Tanzania vimetupa istilahi: kigawo, kigawe, shufwa, witiri. Mbili za mwisho zina asili ya Kiarabu. Mtoto wa Kiislamu wa pwani huweza kuisikia witiri katika sala kabla ya kuikuta darasani. Watoto wengi wa Nyamira hawana msaada huo. Kigawo na kigawe nazo hutenganishwa na irabu moja tu, ilhali maana zake ni kinyume: 9 ni kigawo cha 738, na 738 ni kigawe cha 9.

Kasoro kubwa zaidi imo katika kauli ya kanuni: kwamba namba hugawanyika kwa 9 iwapo jumla ya tarakimu zake hugawanyika kwa 9. Kwanza, kugawanyika peke yake hakutoshi, kwani hata 740 hugawanyika kwa 9, ila hubakisha 2. Yafaa kusema "bila baki". Pili, hiyo ni amri isiyo na sababu.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Tuchukue ndizi 738 katika soko la Keroka, zipangwe mafungu ya tisa tisa. Kila mia hutoa mafungu 11 na kubakisha ndizi 1. Kila kumi hutoa fungu 1 na kubakisha ndizi 1. Mamia saba hubakisha 7, makumi matatu hubakisha 3, na mamoja ni 8. Jumla ni 18, yaani mafungu mawili kamili. Kumbe tarakimu tunazojumlisha ni mabaki!

Hapa Ekegusii ina fadhila. Ishirini huitwa emerongo ebere, yaani makumi mawili. Kumi husikika ndani ya jina. Ishirini na thelathini za Kiswahili huyaficha makumi hayo. Hata hivyo tusiitukuze kupita kiasi: saba, isano na ibere, yaani tano na mbili, haimpi mwanafunzi kanuni yoyote ya kugawanya kwa 7.

Basi mwalimu na aanze na emerongo, apitie makumi mawili, ndipo afike ishirini. Lugha inayodai kuwa chombo cha sayansi haina budi kueleza sababu, si kutafsiri amri tu.