Hormuz si 'mfereji' wala 'ghuba'

Juzi nilimsikia msomaji wa habari redioni akitaja 'Mfereji wa Hormuz'. Dakika chache baadaye, katika taarifa iyo hiyo, mfereji ukageuka 'Ghuba ya Hormuz'. Jamani, msikilizaji ashike lipi?

Neno la Kiingereza linalotutatiza ni 'strait', yaani sehemu nyembamba ya bahari inayounganisha maji mawili makubwa. Kiswahili kina istilahi yake: mlango-bahari. Ghuba ni sehemu ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu. Hormuz huunganisha Ghuba ya Uajemi na Ghuba ya Oman. Haiwezi kuwa ghuba ya tatu. Mfereji nao huchimbwa na watu. Suez ni mfereji: ulifunguliwa 1869 na meli hulipa ada kuupita.

Kosa hili si dogo. Asikiaye 'mfereji' atadhani kwamba pana mwenyewe aliyeuchimba na mwenye haki ya kudai malipo. Ilhali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unatambua haki ya meli kupita katika milango-bahari itumikayo kwa safari za kimataifa. Neno moja likikosewa, mgogoro mzima unaeleweka visivyo.

Kuna tatizo la pili. Kiingereza hulitumia neno hilo katika wingi kwa maana ya hali ngumu. Nimewahi kusoma tafsiri iliyodai kuwa wakulima fulani 'wamo katika mikondo mibaya'. Mikondo ipi tena, na shamba liko bara? Mkulima wa aina hiyo yumo dhikini, au mambo yamembana. Basi.

Linalonifurahisha ni kwamba Kiswahili hakikuhitaji kuazima picha hiyo kwa Waingereza. Neno lao lina asili ya Kilatini yenye maana ya kubanwa. Dhiki yetu imetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake ni wa wembamba na kubana. Na kutokana na mzizi uo huo Waarabu huuita mlango-bahari 'madhiq'. Mbali na hayo, 'Bab' katika Bab el-Mandeb ni mlango huohuo!

Kwa hivyo, meli hupita katika mlango-bahari, naye mja hupita katika dhiki. Mwanahabari asiyetofautisha hayo huwatia wasikilizaji wake katika dhiki nyingine.